SAUTI NDANI YA KOFIA NGUMU

Katika vijiwe vya bodaboda vya Karatu, na njia nzima ipandayo kuelekea lango la Lodoare, imeingia desturi ambayo haifai kupitwa kimya. Dereva huvaa kofia ngumu, na chini ya kofia hutia sikioni spika ndogo iliyounganishwa na simu yake. Simu, kwa kuifuata ramani iliyomo, humwambia njia: pinda kushoto, shika kulia, nenda mbele mita mia tatu. Vijana huisifu, maana huwawezesha kumfikisha mgeni mahali ambapo wao wenyewe hawajapata kufika, pasipo kusimama kila njia panda kuulizauliza. Wazee huilaani, na baadhi yao wangependa ipigwe marufuku leo kabla jua halijatua.

Sisi hatukubali sifa zote wala laana zote. Sauti hiyo ni chombo cha kazi kama jembe au nyundo, na dereva wa bodaboda ni mfanyakazi kama mwingine yeyote. Basi yatupasa kuuliza juu ya chombo hiki yale tuulizayo juu ya vyombo vingine: chafanya nini, chadhuru nini, na gharama yake yamwangukia nani?

Tuanze na upepo, kwani watu wengi huanza na simu, na hapo ndipo wanapopotea. Wataalamu waliopima kelele ndani ya kofia za waendesha pikipiki wameona kwamba mwendo ukifika kadiri ya kilomita 60 kwa saa, kelele ya upepo peke yake hukaribia au kupita desibeli 90, na mwendo ukifika 100 hukaribia desibeli 100. Haitoki katika injini wala katika bomba la moshi. Ni hewa inayovurugika ikizunguka kofia, na hasa ile inayopenya kwa chini, penye kidevu na shingo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath huko Uingereza walilichunguza jambo hilo na kuona kwamba eneo la chini ya kidevu ni mlango mkubwa wa kelele. Kofia nyingi za bodaboda zetu hazina kidevu kabisa. Ni bakuli lililofunikwa juu ya utosi, na masikio yako nusu ndani, nusu nje.

Sasa, wapo madereva wasemao kwamba kofia yaziba masikio, na kwa sababu hiyo huitundika kwenye kiwiko au kwenye kioo cha pikipiki, wakaivaa tu wamwonapo askari. Hoja hiyo si ya kweli. Huko Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 1994, madereva 50 walijaribiwa barabarani, wakiwa na kofia na wakiwa hawana, ili ijulikane ni lini wataisikia honi. Ilionekana kwamba kofia haikupunguza uwezo wao wa kuisikia. Kilichoupunguza ni mwendo: kadiri walivyokwenda kasi, ndivyo honi ilivyolazimika kupigwa kwa sauti kubwa zaidi. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Kofia huipunguza sauti ya honi, lakini huupunguza na upepo pia, na kwa hiyo uwiano kati ya hizo mbili haubadiliki sana. Atakaye kusikia vizuri na apunguze mwendo, kofia aiache pale pale kichwani. Tena tukumbuke kwamba kofia ngumu, kwa hesabu iliyokusanywa kutoka tafiti nyingi za duniani, hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna ramani duniani yenye faida ya kiasi hicho.

Tukiisha kuufahamu upepo, ndipo tuitazame sauti ya simu. Ili maneno yasikike katikati ya kelele ya desibeli 90, lazima yapite kelele hiyo. Dereva, asiposikia, huongeza sauti. Akiongeza, huongeza tena atokapo mjini na kushika mwendo mrefu wa Rhotia. Akirudi kijiweni hasahau tu kuipunguza, bali haoni haja ya kuipunguza, maana sikio limekwisha kuchoka na laiona sauti kubwa kuwa ya kawaida. Wataalamu wa afya kazini huko Marekani hupendekeza kwamba mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Zikifika 100, muda wote ulio salama ni dakika 15. Dereva atokaye Karatu kwenda Makuyuni huzimaliza dakika hizo kabla hajafika mbali.

Nasi twauliza: ni nani ampimaye kelele mfanyakazi huyu? Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ni sheria njema. Mtu akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa, mashine hiyo yaweza kukaguliwa. Lakini mahali pa kazi pa dereva wa bodaboda ni pale kati ya sikio lake na upepo, na mkaguzi hana mlango wa kubisha. Uziwi wa namna hii hauji kwa kishindo. Kwanza mtu hupoteza sauti nyembamba, kisha hushindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, halafu nyumbani mkewe hulalamika kwamba huitwa mara tatu. Na sikio lililoharibika kwa kelele halina dawa ya kulirudisha.

Ipo njia ambayo kwa kuisikia mara ya kwanza yaonekana kama mzaha. Huko Ulaya madereva wengi wa safari ndefu huziba masikio kwa vizibo laini vya sponji, kisha huweka spika kwenye kitambaa cha ndani ya kofia, mbele ya tundu la sikio wala si ndani yake. Kizibo hupunguza upepo na hupunguza maneno pia, lakini sikio lisiloelemewa hupambanua vizuri zaidi kuliko lililoelemewa. Ni kama mtu aliyeumizwa macho na mwanga wa jua: akijikinga kwa kiganja, huona vema kuliko aliyekodoa. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai, mwaka 2015, imekataza spika za kutia ndani ya sikio kwa waendeshao magari na pikipiki, lakini zile zilizojengwa ndani ya kofia hazikukatazwa. Twaona tofauti hiyo ina busara. Spika iliyoziba tundu la sikio humtenga mtu na barabara. Spika iliyo mbele ya sikio humwachia nafasi ya kusikia mengine.

Na katika nchi ya Karatu hayo mengine ni mengi mno.

Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, yapata kilomita 77, ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo ilikuwa safari ya vumbi na matope. Lami ilileta mwendo, na mwendo ulileta upepo tuliousema. Kutoka Mto wa Mbu barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona kali, na magari ya watalii huteremka upande wa pili yakiwa na haraka ya kuwahi ndege Arusha. Dereva wa pikipiki katika kona hizo haoni mbele; asikia. Asikia breki za lori zikilalamika juu yake, honi fupi ya gari linaloomba njia, injini ya basi inayobadilisha gia nyuma yake. Mambo haya yote simu haiyajui. Simu yajua kwamba kuna kona. Haijui kwamba ndani ya kona hiyo kuna lori lililokatika breki.

Mbele zaidi, baada ya lango la Lodoare, barabara huingia msituni na kupanda hadi ukingo wa kreta, juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 2,300. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, na tangu mwanzo liliwekwa liwe la watu na wanyama pamoja. Asubuhi nyingi ukungu hutanda ukingoni hata taa ya pikipiki haiangazi zaidi ya hatua chache. Nyati husimama kando ya barabara, na mara nyingine katikati yake. Mwenyeji humtambua kwa mkoromo na kwa matawi yavunjikayo. Tembo ni taabu zaidi, kwani mnyama huyo, pamoja na ukubwa wake wote, hutembea bila kishindo. Kinachosikika ni tawi tu. Nao hawakai msituni siku zote. Wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wajua vizuri jinsi tembo wanavyoshuka usiku kuitafuta mahindi. Dereva anayemrudisha abiria saa tatu usiku katika njia hizo, huku amejaza sikio maneno ya mita mia tatu, amejinyima mlinzi wake wa pekee.

Hebu tupige hesabu kidogo. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata kama mita 17 kila sekunde. Sentensi ya simu ichukuayo sekunde tano kuisha imemla dereva mita 80 na zaidi, na katika mita hizo akili yake ilikuwa nusu barabarani, nusu katika maneno. Ikiwa maneno hayo yamesemwa kwa lugha asiyoizoea, na majina ya mahali yametamkwa kwa namna ambayo hata mzaliwa wa hapo hayatambui, hesabu ni mbaya zaidi. Maelekezo yafaayo ni machache, mafupi, na yaliyotangulia kwa umbali wa kutosha. Neno moja kabla ya njia panda latosha. Hadithi nzima katikati ya njia panda ni hatari.

Juu ya jambo hili la lugha tungependa kusimama kidogo, kwa kuwa Karatu inao mfano ambao hauna budi kuwafikia hao watengenezaji wa ramani za simu huko waliko.

Bondeni, kuzunguka Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, wapo ndugu zetu Wahadzabe. Wao wamekuwa wakiongozwa kwa sauti tangu zamani zisizo na kumbukumbu, na kiongozi wao ni ndege mdogo wa rangi ya kijivu aonyeshaye asali. Mhadzabe akitaka asali hupiga mluzi. Ndege akiusikia huja, hulia kwa mlio wake wa harakaharaka, kisha huruka mbele kidogo na kutua, akamngojea mtu. Mtu akifuata, ndege huruka tena. Hivyo huenda mpaka kwenye mti wenye mzinga. Mtu hutia moshi, hupasua kwa shoka, huchukua asali. Ndege hupata nta, ambayo ndiyo haja yake. Faida ya uongozi huu imepimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 1989 juu ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya ulionyesha kwamba mtu asiye na ndege huyo alitumia kwa wastani saa 8.9 kuupata mzinga, na aliyeongozwa alitumia saa 3.2. Ni chombo gani cha kuonyesha njia kilichompunguzia mtu taabu kiasi hicho?

Lakini lipo la ajabu zaidi. Mwezi Desemba 2023 wataalamu wawili, Claire Spottiswoode na Brian Wood, walitangaza kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe huitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wanavyouitikia mwito wa wawinda-asali Wayao wa Msumbiji. Na ndege wa Msumbiji nao huupendelea mwito wa Wayao kuliko mluzi wa Wahadzabe. Maana yake ni kwamba kiongozi na aongozwaye wamejifunza lugha moja, ya mahali pamoja. Tena ndege huyo hasemi ovyo. Hulia, hunyamaza, hungoja ajibiwe. Mwindaji anayemfuata huweza bado kumsikia nyoka majanini.

Chombo kilichomo katika simu hakijafikia adabu hiyo. Mwaka 2018 kampuni ya Google iliingiza Kiswahili miongoni mwa lugha 39 mpya za ramani yake, nasi twashukuru. Hata hivyo, kuwa na maneno ya Kiswahili ni jambo moja, na kuelekeza kama Mswahili aelekezavyo ni jambo jingine. Muulize mtu wa Karatu njia ya kwenda Endabash au Oldeani, naye hatakutajia mita hata moja. Atasema, shuka mpaka shule, pita kanisa, ukiona mti mkubwa peke yake ushike mkono wa kilimani. Alama hizi ndizo dereva aziaminizo, kwa sababu huziona kwa macho yale yale yanayotazama barabara. Hilo si jambo lisilowezekana kwa mashine. Mwezi Desemba 2017, ilipotolewa huko India ramani ya waendesha pikipiki, ilitengenezwa iwaonyeshe alama mashuhuri za njiani, maana iliona kwamba mwenye pikipiki hawezi kutazama kioo cha simu kila mara. Ikiwa imewezekana Delhi, kwa nini isiwezekane Kibaoni?

Watu watasema kwamba majina yetu hayamo katika ramani. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, lakini inapungua. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, taifa lilifanya Operesheni ya Anwani za Makazi. Nyumba zikapewa namba na barabara zikapewa majina. Upande wa pili wa Serengeti, huko Mugumu, kazi ya kujitolea iitwayo Crowd2Map, iliyoanza mwaka 2015, imekuwa ikiviandika vijiji katika ramani iliyo wazi kwa wote, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwawezesha waokoaji kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa. Hapo mtu ataona kwamba jina la kijiji katika ramani si pambo. Madereva wa bodaboda wa Karatu wazijua njia za wilaya hii kuliko ofisi yoyote. Wakikaa pamoja katika vyama vyao, wakamweka kijana mmoja mwenye simu nzuri, wangeweza kuzitia ramanini njia za Rhotia, Mang'ola na Endabash wao wenyewe.

Lipo na jambo la mtandao, nasi tutalipita upesi. Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti zilizoko juu kadiri ya kilomita 20,000, na kwa hilo haihitaji mnara wala bando. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani na hesabu ya njia. Asiyeipakua ramani akiwa mjini atajikuta msituni na nukta ya buluu juu ya ukurasa mtupu. Tena ramani haisomi mabango. Mwenye pikipiki aulizaye njia ya Musoma aweza kuelekezwa moja kwa moja kupitia Ngorongoro na Serengeti, kwa kuwa ndiyo fupi. Lakini Serengeti ni hifadhi ya taifa, na pikipiki hairuhusiwi kuikatiza. Kwake njia fupi ni ile irudiyo nyuma.

Sasa tuje kwenye gharama, ambayo ndiyo chanzo cha mengi. Vijana wengi wa vijiweni hawamiliki pikipiki waziendeshazo. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, au wako katika mkataba wa kuilipia mpaka iwe yao. Kijana wa namna hii hununua kofia ya bei ya chini kabisa na spika za sikioni zinazouzwa barabarani, halafu hukimbia, kwa sababu hesabu haingoji. Tukimwambia apunguze mwendo ili asikie, na huku hesabu yake imekatwa kwa kipimo cha mwendo, tutakuwa twamdhihaki. Twaona ni haki kwamba mwenye pikipiki, anapoikabidhi, aikabidhi pamoja na kofia nzima yenye kidevu, kama anavyoikabidhi pamoja na tairi. Mwenye lori hampi dereva lori lisilo na breki akamwambia breki ajinunulie.

Kwa dereva mwenyewe twasema hivi. Itazame njia kabla ya kuondoka, uyakariri mapindo mawili au matatu, na abiria akusaidie kama anajua. Sauti iwe ya sikio moja na iwe ya chini, kiasi kwamba ukisimama kijiweni na mwenzako akakuita kwa sauti ya kawaida, wamsikia pasipo kuigusa simu. Usiposikia maelekezo, usiiongeze sauti. Legeza mkono, na kama bado husikii, egesha pembeni usome. Katika kona za Mto wa Mbu izime, kwani huko hakuna njia panda ya kukupoteza. Nanyi wenyeji na wafanyakazi wenye ruhusa ya kupita Lodoare, itoeni sikioni pale pale langoni mnapoandikishwa. Toka hapo hadi mahali pa kutazamia kreta barabara ni moja tu, na simu haina la kuwaambia.